Ng'ombe wa Gidahosh Anayewasha Jiko la Gitting

Saa moja kasoro robo asubuhi, Hhando Akonaay amechuchumaa nyuma ya ng'ombe, ndoo mkononi, anasubiri. Ng'ombe hana haraka. Ukungu wa Mlima Hanang umefunika zizi, na kwa dakika kadhaa hakuna shughuli nyingine katika uchumi wa nyumba hii isipokuwa kusubiri huko.

Hatimaye ng'ombe anatimiza wajibu wake. Hhando anasogeza ndoo kwa ustadi wa mtu aliyewahi kukosea.

"Huyu anaitwa Mheshimiwa," anasema. "Asipotoa, hakuna chai."

Hasemi kwa utani. Kila asubuhi mkulima huyu wa Gitting, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, humimina ndoo mbili za samadi na ndoo mbili za maji katika shimo la saruji, akakoroga kwa mti mrefu hadi uji huo mzito uteremke kwenye mtambo wa gesi ya samadi ulio chini ya ardhi. Jikoni, hatua ishirini kutoka hapo, mkewe Genoveva hufungua koki na kuwasha kiberiti. Moto wa buluu hutokea. Wageni hupiga makofi. Mheshimiwa hapigiwi.

Nyumba ya Hhando haina nguzo ya umeme wala bomba. Maji ya mvua hutoka kwenye bati hadi kwenye tangi la lita elfu tano. Paneli moja ya sola huwasha taa tatu na redio, na huchaji simu za nusu ya kitongoji. Majimaji yanayotoka kwenye mtambo humwagwa kwenye shamba la kabichi, na kabichi zake zimekuwa kubwa kiasi cha kuwatia watu wivu.

Kwa miaka mitatu sasa, tangu mtambo ujengwe mwaka 2006, wageni wameletwa hapa kuona "nyumba ya mfano". Kuna daftari lenye majina yao. Kuna hata mgeni aliyeomba kupigwa picha na samadi.

Leo Alhamisi wamekuja wakulima kumi na wawili. Wanaongozwa na mtaalamu wa mradi uliojenga mtambo, Gervasi, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni. Wamekunywa chai iliyochemshwa na gesi. Wamelisifu tangi. Sasa mama mmoja wa makamo anamwonyesha Mheshimiwa kwa kidole.

"Shikamoo, mzee. Huyu ng'ombe ni mzuri kweli. Ulimpata wapi?"

"Marahaba, mama."

Swali hili ameulizwa mara nyingi. Kwa kawaida hujibu neno moja, "Dirma," kisha huwapeleka wageni kwenye kabichi. Leo haendi kwenye kabichi.

"Si wangu," anasema.

Gervasi, aliyekuwa anaandika, anaacha kuandika.

Mwaka 1987 mashamba ya ngano yalikuwa yameyabana malisho ya Gitting, na Hhando alikuwa na ng'ombe wawili wasio na mahali pa kula. Aliwapeleka kwa mfugaji wa kijiji cha Dirma aliyefahamiana naye mnadani, mtu mrefu mwenye maneno machache aitwaye Gidahosh. Mpango ulikuwa ule unaojulikana na kila mzee wa Hanang: mtunzaji anakunywa maziwa, mwenye ng'ombe anabaki na ng'ombe wake na uzao wao, na wote wawili wanapata rafiki.

Rafiki huyo alikuja Gitting kila baada ya mavuno. Alikuwa na kigoda chake katika nyumba hii, cha miguu mitatu, ambacho hakuna mwingine aliyekikalia. Ukame ulipowamaliza ng'ombe wa majirani wengi, wa Hhando walipona kwa sababu Gidahosh aliwahamisha mara nne kutafuta majani.

"Alimzika ndama wake wa mwisho," anasema Hhando, "wakati wangu wanakunywa maji."

Siku ya kuwachukua ng'ombe ina taratibu zake. Mwenye ng'ombe huenda mwenyewe, kwa miguu. Hubeba tumbaku na asali. Hulala usiku mmoja kwenye boma la mtunzaji, na asubuhi, kabla ya kufungua zizi, humwachia mtamba mmoja awe wake. Hakuna anayemdai mtamba huyo. Ndiyo maana ni lazima atolewe.

Mwaka 2006 Hhando alikuwa na haraka. Mradi ulitaka ng'ombe wawili zizini kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo saruji ingeenda kwa jirani. Tena alikuwa na simu mpya, na simu mpya inawasha kidole.

Alituma ujumbe. Bado anaukumbuka: "Naomba ng'ombe wangu. Gari linakuja Jumatano. Asante."

Gidahosh hajui kusoma. Alisomewa na binti yake anayesoma shule, mbele ya wageni wake.

Jumatano lori lilirudi Gitting na ng'ombe watatu: wawili wazee aliowataka, uzao wa wale wa mwanzo, na mtamba mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Dereva alikuwa na maneno ya kufikisha.

"Amesema nikwambie hakubakiza kitu chako."

"Nilielewa hapo hapo," anasema Hhando. "Huyo mtamba ndiye niliyepaswa kumwachia. Amenirudishia shukrani ambayo sikumpa."

Kwa nini hakumrudisha siku ile ile?

Anaangalia ndoo. "Mtambo ulikuwa mtupu. Nikasema, mwezi mmoja tu ujae."

Ndivyo mtamba alivyopata cheo. Alikula vizuri, akatoa vizuri kuliko wale wazee wawili kwa pamoja, na Hhando akampa jina la Mheshimiwa. Ndama wake wa kwanza, dume, aliuzwa mnadani Katesh akawa paneli ya sola. Mmoja wa wale ng'ombe wazee alikufa mwaka jana. Ukipiga hesabu kwa uaminifu, jambo ambalo nyumba hii ilichelewa kulifanya, moto, taa, redio na sehemu kubwa ya kila kabichi ni vya mtu wa Dirma.

Kigoda cha miguu mitatu kipo bado. Juu yake sasa huwekwa simu za watu zinazochajiwa.

Mwezi uliopita Genoveva alikwenda Haydom kumuuguza dada yake. Katika benchi la hospitali alimkuta mke wa Gidahosh, amekuja kutibiwa macho. Walisalimiana kama zamani. Waligawana ndizi.

"Aliniuliza habari za kila mtu," anasema Genoveva. "Binti yetu Violeth anasoma wapi. Mume wangu mgongo umepona? Hata paka alimuuliza. Ng'ombe hakuwauliza."

Wageni wanaotoka upande wa wafugaji wanainamisha macho. Mtu wa Dirma asiyeuliza habari za ng'ombe wako amefunga mlango.

"Nilipofika nyumbani nikamwambia, Baba Violeth, mimi chai ya huyu ng'ombe imenishinda. Akasema tungoje mvua ziishe. Nikamwambia mvua hazijakukosea, uliyemkosea anaitwa Gidahosh."

"Alinisema wiki nzima," anakiri Hhando.

"Wiki mbili. Ya kwanza ulikuwa husikii."

Nyuma ya jiko la gesi, mawe matatu ya kupikia yamerudishwa mahali pake, na pembeni kuna kuni zilizokatwa. Mheshimiwa akiondoka na ndama wake wa pili, atabaki ng'ombe mzee mmoja. Samadi yake inatosha kuchemsha chai ya asubuhi. Maharage yatarudi kwenye moshi.

Gervasi ana wasiwasi wa kikazi. "Mzee, lakini mtambo utashuka uzalishaji. Hii ni nyumba ya mfano. Kwenye fomu hapa naulizwa, kaya inajitegemea? Niandike nini?"

"Andika hapana," anajibu Hhando. "Haijawahi."

Wageni wanaondoka na miche ya kabichi. Hakuna anayepiga makofi.

Safari ni Jumamosi, kwa miguu, na Mheshimiwa na ndama wake mbele. Tumbaku imenunuliwa, asali imo kwenye kibuyu. Simu itabaki Gitting. Dume lililouzwa hatalificha. Atalisema la kwanza, na ndama atakayezaliwa na ng'ombe mzee aliyebaki, akiwa jike au dume, ameshatajwa kuwa wa Dirma, fidia ya dume hilo.

Na kama Gidahosh hatatoka kumpokea?

Hhando anasuuza ndoo na kuifudikiza juu ya nguzo ya zizi.

"Nilitakiwa kulala kwake usiku mmoja," anasema. "Nimechelewa miaka mitatu. Akinifungulia nitalala ndani. Asipofungua, nitalala nje ya boma lake, na ng'ombe wake pembeni yangu. Usiku wake nitaulala."

Genoveva anaingia ndani, anaziondoa simu za watu juu ya kigoda, anakipangusa kwa kanga, kisha anatoka na blanketi.

"Chukua na hili la pili," anasema. "Dirma kuna upepo."