Mpagazi wa Saa Sita Mchana

Wanaosema siku ile nilikuwa nimelewa waje waishike hii shingo yangu, kisha wanieleze ni pombe gani huacha shingo hivi. Sikulewa wala sikuota. Ilikuwa saa sita mchana, jua la utosi, enzi za Mwingereza, nami nilikuwa gadi wa treni ya mizigo.

Tulitoka Urambo na shehena ya tumbaku kwenda Tabora. Katika behewa langu la mwisho nilikuwa nimemlaza shemeji yangu Yohana, mdogo wake mke wangu, homa imemkamata, nimfikishe hospitali. Kwenye mwinuko injini ikaishiwa mvuke. Dereva akapiga simu ya kando ya reli, Urambo wakatuma injini nyingine ije itusukume kwa nyuma. Sasa nyuma yetu kulikuwa na kona na msitu mnene. Kazi ya gadi hapo ni moja tu: arudi kwa miguu hadi ng'ambo ya kona, atege fataki juu ya reli, zikilipuka dereva anayekuja ajue treni iliyokwama iko karibu, apunguze mwendo.

Nilikwenda mbio. Pale njia ya zamani ya misafara inapokatiza reli, nikamkuta mwanamume amejitwika pembe ya ndovu iliyoviringishwa jamvi. Pembe, enzi zile? Nilipaswa kushtuka, lakini wapi!

"Ndugu yangu, nitue," akasema. "Nimetoka nayo Ujiji."

Sisi Wanyamwezi babu zetu walikuwa wapagazi. Mtu akikuomba umtue mzigo, humwulizi jina kwanza. Nikabana kwapani bendera yangu ya kusimamishia treni, nikainua mikono. Yeye akachomoka chini ya mzigo, nao ukanikalia kichwani.

"Ahsante," akasema, akaingia msituni bila kugeuka.

Nikataka kuutua. Niamini, haukutulika. Mikono imeganda juu, fataki zimo mfukoni. Mara nikasikia injini inakuja. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Wewe ungefanya nini? Dereva alinitazama, akanipungia mkono, akapita.

Kishindo nilikisikia nikiwa nimesimama palepale. Ndipo mikono ikashuka, mitupu. Yohana hatukumtoa mzima.

Kwenye uchunguzi yule dereva aliapa hakuona gadi yeyote. Alimwona mpagazi wa kizamani na pembe kichwani, akamsalimu. Pembe haikuokotwa. Kazi nilifukuzwa, sikulalamika. Mke wangu alinisikiliza hadi mwisho, akauliza jambo moja tu: "Kwa nini hukumwambia asubiri?" Swali hilo linaniuma hadi leo.

Mzigo nao haukuondoka. Kila jua likifika utosini unarudi, shingo inadidimia. Huwa najifungia ndani, lakini siku nyingine nashindwa, najikuta kwenye ile njia ya misafara, upande wa Kwihara, natafuta mtu mwenye mikono mitupu.

Basi nisikilize, na umwambie mwenzio. Ukinikuta huko mchana, nikikuita ndugu yangu, nikikuomba unitue, usinionee huruma. Nitakuomba kwa machozi. Wewe pita.