Mlingoti Niliousimamisha Bluff

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya milingoti ya bendera, katikati ya mji wa Durban, fundi mkuu, Mkongo mwenzangu, hakuniuliza cheti. Alitazama mikono yangu, akanipa sururu. Cheti sikuwa nacho. Wazazi wetu walipofariki kule Uvira niliacha shule nimlee mdogo wangu Furaha, na mwishoni mwa miaka ya tisini tulikuwa wawili tu katika mji huu.

Kazi nyingi zilikuwa Morningside, kwenye nyumba zenye bustani. Kila mteja alitaka mlingoti mrefu, na fundi mkuu aliwapunguzia urefu: mlingoti wa nyumbani usilizidi sana paa, na urefu wa bendera uwe robo ya mlingoti. Karibu na bahari hatukuweka chuma, maana chumvi hukila. Tuliweka milingoti ya faiba, myepesi isiyoshika kutu, ndani ya bomba lililozikwa kwenye zege, ili ing'olewe upepo ukichachamaa.

Mara ya kwanza nilipomaliza kufunga kamba, nilitaka kuivuta.

"Acha, bwana mdogo," alisema fundi mkuu. "Wewe uko wa shimo. Bendera ya kwanza anapandisha mwenye nyumba."

Nikasimama pembeni na zege mikononi, miaka yote ile. Magari yao sikuyatamani. Nilichowaonea wivu ni kamba tu.

Kisha Furaha akaolewa na kijana wa Bluff, mtaa wa ng'ambo ya bandari, wakapata nyumba huko. Mlingoti niliusimamisha mimi, nikijua kamba ni yangu.

"Yaya," alisema Furaha, kama tunavyomwita mkubwa kwetu, "mpe baba mkwe kamba. Yeye ndiye mkubwa hapa."

"Mkubwa wako niko mimi."

"Leo uko fundi, yaya. Utakula nyama ya kwanza."

Watu wakacheka. Mzee akavuta polepole, ilhali bendera hupandishwa haraka na kushushwa taratibu.

Jua lilipozama wote walikuwa kwenye nyama. Nikaishusha peke yangu, isiguse ardhi. Furaha akatoka, akashika pembe za upande wa pili, tukaikunja.

"Umekasirika."

"Ndiyo."

"Basi kesho njoo mapema, kabla mzee hajaamka."

Nilikwenda. Niliipandisha haraka, inavyotakiwa, Furaha akipiga makofi kwa sauti ya chini asiwaamshe watu.

Sasa nimestaafu, na kazi hii imenilisha vizuri. Lakini asubuhi ile bendera ilipanda kwa mara ya pili, si ya kwanza. Yule mzee ameshazikwa, na nikipita Bluff bado namwonea wivu.