Kamera ya Chini ya Kaunta

Mwaka 1993, katika mkutano wa hadhara mjini Morogoro, ofisa biashara mmoja alitamka rasmi kwamba zama za mwananchi kupangiwa zimefikia ukomo. Kuanzia sasa, alisema, mwananchi atachagua mwenyewe. Atachagua sabuni, atachagua shati, atachagua redio, na mwenye shughuli ya picha atachagua kamera. Wafanyabiashara watashindana, na mshindi wa mashindano hayo atakuwa mnunuzi. Wananchi walipiga makofi. Stambuli Pazi, mpiga picha wa karibu na soko kuu, alipiga pia, kidogo, huku akitazama kando kuona ni nani hakupiga.

Stambuli hakuwa mtu wa kuamini haraka, na kazi yake haikumsaidia. Kamera yake ilikuwa moja, ya chuma, nzito, mkanda wake wa ngozi umeungwa kwa kamba ya kiatu. Kwa kamera hiyo alivuka miaka ya uhaba, filamu zilipopatikana kwa kujuana, na wateja waliposhuku kwamba mpiga picha anawawashia taa tu na ndani hamna kitu. Bwana harusi mmoja wa Kingolwira alimsimamisha katikati ya sherehe akamwamuru afungue kamera mbele ya mashahidi. Stambuli akafungua. Filamu ilikuwemo. Wote waliiona, jua nalo likaiona, na picha zote za harusi ile zikaungua. Bwana harusi aliondoka ameridhika kabisa kwamba hakutapeliwa.

Studio yake ilikuwa chumba kimoja. Ukutani ilichorwa ndege, na mbele ya ndege iliwekwa ngazi halisi ya mbao. Nusu ya mji wamewahi kupanda ngazi ile, na hakuna aliyefika popote. Tatizo lilikuwa kwamba picha mojawapo, ya mpwa wake Zuleha akipunga mkono kutoka kwenye ngazi, ilipanda mlima mpaka Kinole, ikafika mikononi mwa Bi Mwajuma, mama yake Stambuli. Bi Mwajuma aliomba dua ya safari kwa juma zima. Alipoambiwa kwamba mjukuu wake yuko salama kabisa, yuko sokoni Morogoro ananunua dagaa, aliitazama tena ile picha, akaigeuza, akaiweka chini ya godoro. Tangu siku hiyo alikuwa na msimamo mmoja kuhusu picha: kwamba zinadanganya, na kwamba anayejua hivyo kwa uhakika ni yeye, kwa sababu mwongo mwenyewe amemzaa.

Jambo hilo lingebaki la kuchekwa kama Zuleha asingechumbiwa. Mchumba aliitwa Nasibu, mkulima wa nyanya wa Mlali, kijana mpole ambaye hakuna aliyemwona na kosa, na hilo lenyewe Bi Mwajuma aliliona la kuchunguzwa. Kwao shamba la ukoo hufuata upande wa mama. Bi Mwajuma alikuwa na kipande chenye midalasini na michungwa, na alikuwa amesema kitakwenda kwa Zuleha siku atakapoolewa kwa utaratibu. Utaratibu wa ukoo wao ulikuwa huu: kabla bibi harusi hajatoka nyumbani, mshenga hukaa mbele ya mjomba wake na kumwuliza kama ameridhia. Mjomba hunyamaza mara ya kwanza, hunyamaza ya pili, ya tatu husema mbele ya watu. Bila neno hilo, kwa Bi Mwajuma hakuna ndoa, kuna watu wawili waliovaa vizuri.

Harusi ilikuwa ifanyike mjini, kwa dada yake Stambuli, mama yake Zuleha. Magoti ya Bi Mwajuma yalikuwa yamegoma kushuka mlima.

"Mjomba ni wewe," alimwambia Stambuli alipokwenda kumjulia hali. "Neno utalisema wewe, na habari utaniletea wewe. Kesi yako, shahidi wewe. Hapana, mwanangu. Nitaona kwa macho yangu, au shamba litakwenda kwa watoto wa mdogo wangu."

"Nitakuletea picha, mama."

"Ya ndege?"

Hapo ndipo Stambuli alipoamua kununua kamera ya video. Picha inayokwenda na kusema, alifikiri, hata mama yake ataiamini.

Alikwenda Kariakoo na rafiki yake Abel, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, mtu wa Tabora aliyeletwa Morogoro na ajira na kuachwa hapo na ukosefu wa nauli. Abel alikuwa na TV na deki ya kuchezea mikanda ya video. Bara hakukuwa bado na kituo cha televisheni, kwa hiyo TV ya Abel ilikuwa ya kuonyeshea mikanda tu, na walikubaliana kwamba ndiyo itakayopandishwa Kinole baada ya harusi.

Duka waliloingia lilikuwa la kijana aitwaye Yusuph. Rafu zilijaa hadi darini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alisema Stambuli, naye tayari ameshaanza kujiuliza muuzaji mwenye adabu namna hii anataka nini.

Yusuph aliteremsha boksi, akatoa kamera mpya, ndogo, nyeusi, inang'aa. "Hii hapa, mzee. Mpya kabisa. Kila kitu ndani."

"Mbona unakimbilia kunipa hii?"

"Si umeomba kamera ya video?"

"Nimeomba. Lakini kwa nini hii?"

Yusuph alimtazama Abel kuomba msaada. Abel akatazama dari.

Lazima tumtendee Stambuli haki. Alikuwa amejifunza kununua katika shule ngumu. Katika miaka ya uhaba, kilichowekwa rafuni ni kile ambacho hakuna aliyekitaka: mipini bila majembe, viatu vya mguu mmoja. Bidhaa yenyewe ilikaa chini ya kaunta, na njia ya kuitambua ilikuwa kuiulizia na kujibiwa kwamba haipo. Muuzaji akisema "haikufai", ujue amemwekea mwingine. Watu walilelewa, wakaoa na kusomesha watoto kwa kanuni hiyo, na tangazo la mkutano wa hadhara halikuwa limeifuta. Sasa rafu ilikuwa imejaa mpaka juu. Kwa Stambuli maana yake ilikuwa kwamba vitu visivyotakiwa vimezidi.

Akainama, akachungulia chini ya kaunta. Kulikuwa na kamera kubwa, ya kubebwa begani, imekwaruzwa, imefunikwa kipande cha kitenge.

"Na ile?"

"Ile achana nayo, mzee."

Moyo wa Stambuli ulitulia kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye basi. "Kwa nini niachane nayo?"

"Haitakufaa. Imetoka Amerika, mfumo wake ni mwingine. TV za huku haziikubali."

"Nzima?"

"Nzima, ila..."

"Hebu iwashe."

Yusuph aliiwasha, akaiunganisha na TV ya dukani. Uso wa Abel ukatokea, na rangi zake zote, hata kovu la kidevuni.

"Mbona TV imekubali?" aliuliza Stambuli kwa upole wa mwendesha mashtaka.

"TV hii inapokea mifumo yote, mzee. Hiyo ya kwako inapokea yote?"

Abel akamvuta mkono. "Kaka Stambuli, mimi naona huyu dogo anatuambia ukweli."

"Ndivyo wanavyoanza."

"Sasa ukweli nao uanzeje?"

"Wewe Abel unafanya kazi kiwandani. Unajua vitu vinavyotengenezwa, hujui vinavyouzwa."

Yusuph alikataa tena, akaeleza tena, akashika na kichwa. Kila alipokataa, Stambuli aliona mnunuzi mwingine, mkubwa zaidi, labda wa serikalini, amesimama nyuma ya kitenge kile. Mwishowe kijana alichoka. "Basi chukua, mzee. Ila huyu bwana ni shahidi kwamba nimekuambia." Stambuli alitoka dukani ameibeba begani kama mtu aliyeokoa mtoto.

Waliporudi Morogoro, Abel alitaka waijaribu kwenye TV yake. Stambuli akakataa. Kwa Abel kulikuwa na wapangaji wengi, na habari za kamera zingefika kwa wapiga picha wenzake kabla ya harusi. Alijaribu peke yake, mlango umefungwa, akitazama ndani ya kile kitundu cha jicho. Humo aliiona picha, ndogo, safi kabisa.

Siku ya harusi lilijitokeza jambo ambalo katika hesabu zake zote za hila za watu hakulihesabu: mjomba alitakiwa kukaa mbele ya kamera, na mpiga picha alitakiwa kukaa nyuma yake. Alitatua nusu. Kamera ya video aliisimamisha kwenye stendi ya miguu mitatu, akaielekeza kwenye jamvi, akaiwasha na kuiachia. Kamera ya zamani, iliyokuwa imebakiwa na filamu kidogo isiyo ya rangi, akamkabidhi Abel.

"Ya nini sasa, na video ipo?"

"Siiamini ikiwa peke yake. Nikifumbua mdomo, bonyeza."

Mshenga aliuliza. Stambuli alinyamaza. Aliuliza tena, akanyamaza tena. Mara ya tatu akasema, "Nimesikia, nimeridhia," vigelegele vikapaa, na Abel, aliyeshtushwa na vigelegele, akabonyeza.

Picha ya Abel iliposafishwa, Stambuli aliitazama mara moja akaitupa kwenye ndoo. Haikufaa kutoka kwenye studio yenye jina.

Juma lililofuata walipanda Kinole kwa pikapu ya wachuuzi wa ndizi iliyokuwa ikirudi tupu: Stambuli, Abel na TV yake, deki, jenereta ya kukodi, na maharusi wenyewe. Wenyeji walijaa uani. Binti za mdogo wake Bi Mwajuma walikaa mbele kabisa, na khanga mpya. Shikamoo zikaisha, jenereta ikanguruma, Stambuli akasukuma mkanda ndani ya deki.

Kwanza ilikuja mistari. Mistari ikapanda, ikashuka, ikapinda. Nyuma yake yalionekana maumbo meusi na meupe, yakikatika kiunoni, vichwa vikihamia upande na kurudi. Rangi haikuwepo hata ya kusingizia.

"Hii ndoa ilifungwa kwenye tetemeko?" aliuliza Bi Mwajuma.

Stambuli alipiga deki kofi. Sauti ikatoka, taratibu, nzito, kama inatoka ndani ya kisima.

"Nani huyo anayekoroma?"

"Ni Zuleha, mama. Anawasalimia shangazi zake."

"Zuleha amekuwa na sauti ya kiume tangu lini?"

"Ni mkanda, mama."

"Na ile ndege ilikuwa ukuta."

Watu walicheka. Zuleha hakucheka. Alikuwa akiutazama mteremko wa nyuma ya nyumba, ilipo midalasini. Nasibu alimsogelea akanong'ona kwamba Mlali pia kuna ardhi, ya kukodi. Binti za mdogo wake Bi Mwajuma walitazama chini kwa adabu ya watu waliopata habari njema msibani.

"Zima hilo dude," alisema Bi Mwajuma. "Shamba litasubiri watu ambao ndoa yao inaonekana."

Jenereta ikazimwa. Ndipo Abel alipoingiza mkono kwenye mfuko wa shati, kwa aibu, akatoa ile picha. Aliiokota kwenye ndoo siku ileile. Maishani mwake hakuwahi kupiga nyingine.

"Mama, samahani. Ipo hii. Lakini mbaya."

Stambuli alijaribu kuiwahi, akachelewa.

Bi Mwajuma aliisogeza machoni. Picha ilikuwa imelala upande kama inateleza mlimani. Mshenga alikuwa amekatwa kichwa. Nasibu alikuwa akijikuna sikio. Zuleha alikuwa akichungulia kutoka chini ya mtandio wakati hakutakiwa kuchungulia. Katikati alikaa Stambuli, jicho moja limefumba, mdomo wazi mpaka jino la dhahabu linaonekana. Pembeni kulikuwa na miguu mitatu ya stendi, na kuku. Bi Mwajuma aliigeuza. Aliikwangua kwa ukucha kuona kama imechorwa. Akaigeuza tena.

"Nani kapiga hii?"

"Mimi, mama."

"Wewe ni mpiga picha?"

"Hapana, mama. Niko kiwandani."

"Inaonekana." Akamgeukia mwanawe. "Hapa umeachama hivi unasema nini?"

"Nasema nimesikia, nimeridhia."

"Ungekuwa umejipanga usingekubali kutoka na sura hii."

"Nisingekubali, mama."

Bi Mwajuma aliitazama tena kwa muda, hasa yule kuku, ambaye kwa maoni yake hakuna mtu angemweka pale kwa makusudi. Kisha akawatazama maharusi kana kwamba wamemchelewesha.

"Mbona mmekaa? Magugu kwenye midalasini yamefika kiunoni."

Zuleha alikuwa ameshasimama kabla sentensi haijaisha. Binti za mdogo wake Bi Mwajuma waliaga mapema.

Kamera ya video Stambuli aliirudisha studio, akaifunika kitenge, akaiweka chini ya kaunta ili asiione. Miezi michache baadaye mpiga picha mmoja wa Kilosa aliichungulia. Stambuli alimweleza ukweli wote, Amerika, mifumo, TV na mistari, akamsihi aachane nayo. Yule bwana alimsikiliza mpaka mwisho, akatabasamu, akainunua.

Picha ya Abel iko ukutani Kinole mpaka leo, imetundikwa sawa, na bado imelala upande. Kamera iliyoipiga, Stambuli hakuichagua. Aligawiwa mwaka 1977, kwa kibali, na siku hiyo ilikuwa imeletwa moja.