Chuma Alivyopumzishwa Krismasi

Kama kuna neno lililomchefua Chuma mwaka ule, ni neno "pumzika". Aliambiwa apumzike hata kukaa hajakaa. Aliambiwa apumzike huku amekumbatia sufuria lenye uzito wa mtoto. Tena waliomwambia ni watu ambao wenyewe walikuwa wamejilaza chali tangu asubuhi. Mpaka sikukuu zinaisha, mtu akilitamka tu, mishipa ya shingo ilikuwa inamsimama.

Chuma ni jina la kazini. Ni zimamoto, mwanamke pekee kwenye zamu yake, na jina hilo alipewa enzi za ugeni wake, wenzake walipomchokoza wakitegemea atalia, naye asilie. Sasa amevuka miaka arobaini, na kituoni kwao ukishavuka hapo kuna mtihani kila Januari. Unatupia begani mpira wa maji uliokunjwa, unapanda nao ngazi za mnara wa mazoezi mpaka juu kabisa, halafu unashuka umebeba sanamu lililojazwa mchanga. Sanamu hilo wanaliita Mheshimiwa, kwa kuwa ni zito, halisaidii chochote na ni lazima libebwe. Ukishindwa hufukuzwi. Unahamishiwa chumba cha simu, ukae upokee habari za moto ambao wenzako wanakwenda kuuzima. Wapo wanaokililia chumba hicho. Chuma hakukitaka hata kwa dawa.

Mapema Desemba, akiwa anarudi kutoka kukimbia, alikanyaga ukingo wa mtaro, kifundo cha mguu kikapinda. Katika kuanguka akajikinga kwa mkono, kiganja nacho kikashtuka. Hakuna kilichovunjika. Mtaalamu wa viungo alimminya hapa na pale, kisha akamweleza taratibu, mume wake akiwa kiti cha pembeni anasikia kila neno. "Usikimbie, usiruke. Usisimame muda mrefu, maana kusimama ndiko kutakakouvimbisha. Lakini usije ukalala, mama. Panda ngazi polepole, fanya mazoezi umekaa, mwili ukishalala kuuamsha ni shughuli." Mume akawa anaitikia kwa kichwa. Yeye ni kinyozi, kusikiliza watu ndiyo nusu ya kazi yake.

Basi Chuma akafuata maagizo kama mgonjwa mtiifu, na wanaomjua wanajua utiifu si tabia yake. Kila asubuhi alikuwa anakaa kwenye kiti anainua mguu mzima, anashusha. Kiganja kilipogoma kuegemea sakafu, akaegemea ukuta kwa viwiko. Jioni anapanda ngazi za jengo lao akishika ukuta, hatua moja moja, na majirani wanampita wakimpa pole. Iliuma kidogo, lakini yale maumivu ya kawaida ya mtu anayepona. Hesabu yake ilikuwa kwamba akijikaza hivyo hivyo mpaka sikukuu ziishe, Mheshimiwa atashuka mgongoni kwake.

Krismasi walikwenda kwa mama mkwe. Ni nyumba ya ghorofa moja, na uani kuna ngazi za saruji zinazopanda hadi kwenye paa la kuanikia nguo. Chuma alipoziona alifurahi moyoni. Kesho yake alfajiri alivaa raba, akafunga kifundo bendeji, akaanza kupanda. Hajafika hata nusu, mama mkwe akatokea chini na mswaki mdomoni.

"Shuka, mwanangu. Shuka kabla hujaniletea msiba nyumbani."

"Mama, nimeruhusiwa. Napanda polepole tu."

"Aliyekuruhusu hakukuzaa. Njoo ukae na sisi jikoni, upumzike."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mama mkwe ni mama mkwe. Chuma akashuka, akaenda jikoni kukaa. Sasa jikoni mle hakukuwa na kiti hata cha dawa, na katika ukoo ule kazi ya jikoni haijawahi kuhesabiwa kuwa kazi. Kwao ni maongezi, ila tu mikono yako imeshika kisu. Alisimama akamenya, akasimama akaosha, akasimama akakoroga, watu wanaongezeka sebuleni na sahani zinarudi kabla hazijakauka. Alipoomba atoke kidogo anyooshe mguu, mama mkwe akamwambia kwa upendo wa kweli, "Tulia hapa hapa, mguu huo hautaki matembezi." Kisha akamkabidhi sufuria jingine.

Jioni kifundo kilikuwa kimevimba hadi bendeji imezama. Hapo ndipo wifi yake, dada mkubwa wa kinyozi, karani wa mahakama asiyejua kunyamaza, alipouinua mguu wa Chuma kwa vidole viwili mbele ya kadamnasi.

"Mnaona? Ndiyo mazoezi yake hayo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Watu wakacheka. Chuma alimtazama mume wake, amtetee japo kwa neno moja, maana yeye ndiye aliyekuwepo na alisikia. Kinyozi akawa ameinama anachunguza kucha zake. Wifi akaendelea, "Lakini si kitu. Mwakani tutamwona kanenepa, kucha ndefu, kapaka rangi." Wakacheka tena, na Chuma hakuelewa utani ule umetokea wapi. Akameza hasira kama dawa chungu, akaenda kulala mapema.

Siku ya pili ikawa vile vile, na ya tatu. Akijifungia chumbani afanye zoezi la kiti, mlango unagongwa, mkwe anaitwa. Akikaa uani anyanyue mguu, anapewa viazi. Mwenye akili angesema jamani, huu ni mguu mbovu, usikimbie lakini usimame kutwa? Hakuna aliyesema. Ajabu ni kwamba hawakuwa watu wabaya. Walimpa pole kila walipompita, na kila pole ilimwongezea joto kichwani.

Mchana wa siku ile ya tatu mama mkwe alimkalisha ukingoni mwa kitanda, akaanza kumkanda kifundo kwa kitambaa cha maji ya moto. Mikono yake ilikuwa laini na Chuma akajisikia vibaya kwa yote aliyokuwa anamuwazia.

"Usitununie, mwanangu," mama mkwe akasema. "Sisi tunafuata alichosema daktari. Mume wako alinipigia kabla hamjaja, akanisimulia yote. Mazoezi marufuku. Akaniomba tukushughulishe usije ukatoroka kwenda kukimbia."

Chuma akauvuta mguu. "Alisema daktari kasema hivyo?"

"Si mlikuwa naye chumbani kwa daktari? Tena sote tulifurahi aliposema mwakani unahamia kwenye simu. Kazi ya kukaa, kazi ya heshima. Nilishukuru Mungu kwa sauti."

Mwenzangu, kikulacho ki nguoni mwako. Chuma alikaa pale, maji yanamchuruzika kwenye unyayo. Mtihani bado, na mume wake alikuwa ameshamfelisha na kuutangazia ukoo mzima. Ile ya kucha ndefu akaielewa. Kitambaa kilianguka sakafuni na yeye hakukiokota.

Kinyozi alikuwa uani. Kila sikukuu wanaume wa ukoo humsubiri awanyoe, na saa ile alikuwa na mjomba wake kitini, shuka shingoni, nusu ya kichwa imekwisha na nusu bado. Chuma alitoka akichechemea, pekupeku.

"Mtaalamu alisema nini kuhusu mguu wangu?"

"Ngoja nimmalize mjomba."

"Mjomba hatakufa na nusu kichwa. Alisema nini?"

Kinyozi akazima mashine. Mjomba akajaribu kuinuka, Chuma akamwambia shikamoo, na akae. Akakaa.

"Alisema usilale," kinyozi akasema kwa sauti ya chini.

"Na wewe ukamwambia mama yako nini?"

Mama mkwe alikuwa ameshafika mlangoni, na nyuma yake wifi, kwa mara ya kwanza mdomo umefungwa.

"Umenisimamisha jikoni siku tatu kwa mkono wa mama yako," Chuma akasema. Sauti yake haikupanda, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mimi nanuna, namwona yeye ndiye mbaya wangu, kumbe wewe umekaa sebuleni unangoja mguu uvimbe. Ukaniangalia nikichekwa. Wewe unayejua nilivyopanda zile ngazi za nyumbani na maumivu, ukaona bora nishindwe."

"Nilitaka uwe hai," kinyozi akasema. "Lile ghala mlilokwenda kulizima moto lilipoanguka paa, redio ilisema kuna zimamoto wamenaswa ndani. Nilikuwa na mteja kitini. Nilimaliza kunyoa kichwa cha mtu mzima bila kujua kama bado nina mke. Akanishukuru akaondoka. Wewe ukarudi unanuka moshi, ukaomba chai. Sikuweza kusema."

Chuma hakuwa anajua habari ya kichwa kile, na ilimchoma. Lakini hasira haikutoka. Ilipata tu mahali pa kukaa.

"Ungesema," akamjibu. "Ungeniambia unaogopa, ningekusikiliza, tungelia wote, tungegombana mpaka asubuhi. Woga ni wako, una haki nao. Ila uogope kwa mdomo wako. Usiogope kwa mguu wangu."

Mama mkwe akashuka ngazi moja ya mlango. Alikuwa amekasirika kuliko wote, kwa kuwa mtu mzima akigundua ametumiwa haoni pa kuweka uso. "Kwa hiyo umenifanya mimi nimuumize mtoto wa watu, na huku namwita mwanangu," akamwambia kijana wake. "Mpe dada yako hiyo mashine amalizie. Wewe nenda jikoni. Masufuria yako yanakungoja, na usithubutu kukaa." Wifi akaipokea mashine, akaitazama kama kitu kilichookotwa, na mjomba akafumba macho.

Chuma alivaa raba zake, akafunga bendeji upya, akapanda zile ngazi za saruji hatua moja moja hadi kwenye nguo zilizoanikwa. Safari hii hakuna aliyemwambia ashuke. Siku zilizobaki alizitumia kuupoza mguu na kuuamsha, na kwa mume wake alikuwa anasema naam na hapana tu.

Asubuhi ya mtihani alitoka nyumbani bila kuaga. Kifundo kiliuma kwenye kila ngazi ya mnara, na pale kati, mpira wa maji ulipoanza kumteleza begani, alikumbuka jinsi mume wake alivyokuwa anachunguza kucha zake sebuleni, akapata nguvu za kumfikisha juu. Mheshimiwa alishuka naye mgongoni akiwa mzito kama kawaida yake. Mkuu wa kituo alisema amepita, wenzake wakampigia makofi, akaoga, akabadili nguo.

Nje ya geti akakuta kinyozi ameegesha gari la kuazima, hajaenda kazini. Alikuwa ameketi mikono juu ya usukani. Chuma akafungua mlango, akakaa.

"Vipi?" kinyozi akauliza.

"Jumatatu niko gari la kwanza kwenda motoni."

Kinyozi akauinamia usukani akalia kwa sauti, mwanaume mzima, watu wa zamu wakipita wanaona. Chuma angeweza kumshika bega. Mkono ulikuwa karibu kabisa. Alimwacha alie, kwa sababu alikuwa bado hajamsamehe, na kwa sababu kilio hicho alipaswa kukisikia tangu siku ya ghala.