Herufi za Mtumbwi Uliofudikizwa

Habari ilimkuta Tadea shambani Litumbandyosi, amesimama ndani ya shimo la ngolo, mashimo yazungukwayo na matuta ya kuzuia maji ya mlimani, akipandisha udongo kwenye tuta. Aliyeileta alikuwa jirani yake Notburga, mwanamke ambaye habari hazijawahi kulala kwake hata usiku mmoja.

"Mama Hilda, mumeo wa zamani anaingizwa kwenye kompyuta!"

"Mzimamzima au vipandevipande?"

"Mwandiko wake. Yale majina ya mitumbwi. Cleopa, yule kijana wa duka la kuchapa pale Mbinga, ameyapiga picha ufukweni. Anayageuza yawe fonti: unabonyeza kitufe, herufi inatoka vilevile ilivyokaa kwenye mtumbwi. Na fonti lazima iwe na jina. Itaitwa Raimundi."

Tadea akaegemea jembe. Raimundi alipomfuata mwanamke wa Chiwanda aliondoka na baiskeli, redio na mtumbwi, na Tadea akarudi milimani kwa kaka zake na kikapu kichwani. Hayo aliyameza, ingawa hayakushuka vizuri. Lakini herufi zile zilipakwa kwa mkono wake yeye Tadea. Jina lake likipotea na huko, atabaki na nini?

Walipokuwa wakiishi Liuli, kando ya ziwa, waligawana kazi hivi. Siku za mbalamwezi usipa, wale dagaa wa ziwani, hawafuati taa, wavuvi hupumzika, na mitumbwi hufudikizwa mchangani, tumbo juu. Ndipo hupakwa majina. Raimundi, aliyefika darasa la nne, aliandika jina kwa mkaa kwenye karatasi, kisha akaenda kukaa kivulini na kibuyu chake cha pombe, kazi ya brashi akamwachia mkewe. Tadea, ambaye baba yake aliona shule ni ya wavulana, aliigeuza karatasi kichwa chini ili ilingane na mtumbwi, akanakili alichokiona. Kusoma hakujua. Kwake A ilikuwa kichwa cha mbuzi na pembe zake, U mlango wa banda la kuku, D mwanamke mwenye mimba, T kigingi kilichosimama ardhini. Mtumbwi wa kwanza aliupaka TADEA, kwa kuwa ulikuwa wao, na siku hizo Raimundi bado alikuwa na maneno matamu. Sasa mtumbwi uleule unaitwa VIOLET, jina la yule wa Chiwanda.

Kesho yake alivaa kitenge cha kanisani akashika njia ya Mbinga.

Dukani jenereta lilikuwa likinguruma. Cleopa alikuwa mbele ya kompyuta, akizungushia picha ya herufi O mstari mwembamba, nukta kwa nukta. Alipojaribu kuijaza wino, skrini nzima ikawa nyeusi.

"Shikamoo mama. Samahani, mstari haukukutana, kila kitu kimemwagika."

"Marahaba mwanangu. Ni kama tuta la ngolo likipasuka. Ziba, maji yatatulia."

Kwenye benchi, akiwa na kofia mpya magotini, alikaa Raimundi.

"Mama Hilda! Umekuja kunipongeza?"

"Nimekuja kuona wanakuingizaje humo ndani, Baba Hilda. Tumbo lilivyo, nilidhani wamekukata."

Cleopa akacheka, kisha akajizuia. Akaeleza kwamba herufi zote zimepatikana isipokuwa G, ambayo hakuiona kwenye mtumbwi wowote, na mzee amekuja kuipaka. "Kinachonipendeza ni hivi vichirizi vinavyopanda juu ya kila herufi. Mzee anasema ni ndimi za moto, za Pentekoste."

"Roho alinijia nikiwa ziwani," alisema Raimundi, macho darini.

"Alikukuta kivulini," alisema Tadea. "Hebu paka, tuone moto."

Ubao ulikuwa umeegemezwa ukutani. Raimundi akachovya brashi kwenye rangi iliyozimuliwa kwa mafuta ya taa, akapaka G. Haikuwa mbaya. Ila rangi ikaanza kuchirizika, kwenda chini, mpaka herufi ikaonekana kama mtoto aliyeachwa na mama yake sokoni.

"Mbona moto wa Baba Hilda unawaka kuelekea sakafuni?" aliuliza Tadea. "Cleopa, niandikie hiyo herufi kwa kalamu."

Akaipokea karatasi, akaigeuza kichwa chini, akapaka kando ya ile ya kwanza. Rangi ikachirizika kwenda chini vilevile. Akaacha ikauke kidogo, kisha akaupindua ubao. Vichirizi vikasimama juu, sawa na ndugu zao wa mitumbwini.

Cleopa alitazama G, akatazama picha za mitumbwi, akamtazama Raimundi. Raimundi alikuwa akiitazama kofia yake.

"Lakini karatasini niliandika mimi," alisema Raimundi. "Bila mimi angejua nini?"

"Hilo ni kweli," alisema Cleopa, akijikuna. "Basi labda niweke majina yote mawili?"

"Mwanangu, mimi na huyu tulishashirikiana mtumbwi. Muulize jina langu lilikwenda wapi."

Raimundi akavaa kofia yake, akatoka bila kuaga.

Cleopa akalifuta jina la zamani la fonti, akaandika jipya, na mashine ikatoa karatasi polepole, kama mtu anayetoa siri. Tadea akaigeuza kichwa chini. Mbele mbuzi, mwisho kigingi, na katikati mwenye mimba aliyeelekea kushoto. Akapitisha kidole mara ya pili, asije akapewa Violet.

"Ndiyo mimi," alisema.

Karatasi ile aliibandika mlangoni kwake, vichirizi vikielekea chini. Notburga, aliyemtangulia kila mtu kuiona, alipiga kelele kwamba imegeuzwa.

"Iache hivyohivyo," alisema Tadea, akichukua jembe. "Anayetaka kunisoma, ainame."