Vindege vya Manjano

Fundi saa akiulizwa rimoti ipi inafaa kurushia vindege vya kuchezea, kwanza hupuliza vumbi lisilokuwepo mezani. "Chukua inayokumbuka ndege kumi. Unachagua ya leo, unairusha, basi." Faida anayoipenda zaidi haitoi mdomoni. Vindege vyake sita amevipaka vyote rangi ile ile ya manjano, na kila Jumapili hutoka na kimoja tu, rimoti kwapani, akimpita mkewe kwa mluzi wa mtu asiye na siri. Rimoti moja, kindege kimoja, nani atashuku kuwa viko sita?

Za mwizi arobaini. Jumapili iliyopita alikuwa keshafika mlangoni mkewe alipomwita, macho hayatoki kwenye cherehani.

"Baba watoto, hicho kirudishe, gundi ya mkia haijakauka. Nimeubandika jana. Chukua kile cha nne."