Sahani ya Pili Mezani

Saa saba mchana, Minza anasonga ugali katika jiko la usharika mmoja wa Kiprotestanti mjini Bariadi. Ugali haumpi shida. Kinachomsumbua ni sahani mbili zilizo mezani, mahali ambapo miaka yote huwekwa moja.

"Wazee na mgeni hula pamoja," anasema bila kuinua macho. "Leo nimeambiwa nimtenge."

Mgeni ni Mchungaji Henrik, wa usharika rafiki kutoka Ulaya. Mwaka huu, 2005, kanisa lake limewakubali wachungaji mashoga, naye amewaandikia wenzake wa Bariadi kwamba ni mmoja wao. Baraza la wazee lilibishana vikali, kisha likaamua kuvunja urafiki. Amekuja kuaga.

Mzee Josia wa baraza anachungulia mlangoni na kumsalimu Minza kwa Kisukuma, kwa jina la mwanawe.

"Mwadila, Mama Kwandu. Ya mgeni umeiweka kando?"

"Mwadila, mzee. Kwani anaumwa?"

"Usinichokoze. Ukimhurumia sana, panda naye ndege. Wapishi Bariadi hawajaisha."

Minza anaugeuza ugali. Tangu wanunuzi binafsi wa pamba waingie na kinu cha ushirika kifungwe, mumewe, Nyanda, hana kazi. Shilingi elfu arobaini anazolipwa Minza kwa mwezi ndizo zinazoilisha nyumba.

Maana ya sahani ya peke yake anaijua. Alipougua kifua kikuu, wakwe zake huko Malampaka walimpakulia katika bakuli la bati, na hata alipopona, bakuli halikuondolewa. Alipoajiriwa hapa alikuja nalo mwenyewe, asije akamkera mtu. Katika ziara yake ya kwanza, Mchungaji Henrik aliingia jikoni, akachuchumaa, akamega tonge humo humo.

"Hakuuliza kitu," anakumbuka Minza. "Alisema tu mlenda umezidi chumvi."

Anapeleka chakula. Wazee wanaizunguka sahani yao. Mgeni anaitazama yake, anamtazama Minza, kisha ananawa.

"Wabeja, mama," anashukuru kwa Kisukuma, na kula hadi tonge la mwisho.

Baadaye anaileta sahani jikoni, anaiosha mwenyewe na kuifunika mbali na nyingine, vilevile Minza alivyokuwa akilifunika bakuli lake.

Minza anazivuta kuni mekoni. "Mzee Josia hakuishika ile sahani," anasema. "Mikono iliyoibeba ni hii yangu."

Jioni ameshazungumza na Nyanda: kesho asubuhi, kabla ya gari la Mwanza kuondoka, anataka kumwalika mgeni nyumbani kwake ale michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, pamoja na Nyanda. Bakuli la bati amekwisha kulisugua.

Mumewe amekubali?

"Ameniuliza kazi nyingine nitaipata wapi. Hajasema hapana."

Kwa desturi ya hapa, mwanamke haketi kula na mgeni wa kiume. Minza anaifunga kanga yake upya kiunoni.

"Nyanda asipokaa naye," anasema, "nitakaa mimi."